Kinundu Kisichozunguka

Stanislas alifika Kolwezi mwezi wa saba, kutoka Kasaji, akiwa na mfuko wa mihogo mikavu begani na jicho la kulia lililozibwa na ukungu mweupe. Alikuwa amekuja kupasuliwa jicho hilo. Akafikia kwa binti yake Noëlla, ambaye mumewe, Ruffin, ni wewa, yaani mtu wa kubeba abiria kwa pikipiki, mmoja wa wale wanaosubiri wateja njia panda tangu alfajiri, koti limefungwa mpaka shingoni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku daktari alipotoa bandeji, Stanislas alihesabu vifungo vya koti la daktari, kisha akasoma kwa sauti maandishi yote ya ukutani, hata yale yanayokataza kutema mate. Noëlla alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ruffin alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Alisema, "Tunashukuru, Tata," yaani baba, akatoka kwenda kuwasha pikipiki.

Hivyo ndivyo walivyokuwa hao wawili. Si kwamba hawakupendana. Hawakujuana, na heshima iliwazuia kujuana. Ruffin alilelewa kwamba baba wa mke hatazamwi machoni wala hataniwi, wala mkwe haketi naye kwenye sahani moja. Stanislas naye alilelewa kwamba mkwe ni mtu wa kumwonea haya. Humwombi maji, humwambii kwamba unaumwa. Basi asubuhi walisalimiana, wakaulizana habari za usingizi, wakazungumzia vumbi la malori ya madini kwa dakika tatu, na vumbi likishamalizwa hakukuwa na jingine. Jioni Ruffin alikula chumbani, mzee alikula barazani, na Noëlla alipita katikati akipeleka bukari, ugali wa kwao, huku na huku.

"Munaikala mu nyumba moya sawa batu ba kungoja treni," alimwambia mumewe siku moja. Ruffin alijibu kwamba watu wanaongoja treni angalau huongea.

Wiki ya tano ilipoingia, Stanislas alianza kusema anataka kurudi Kasaji. Alisema jicho limepona, mashamba yanamngoja, na hataki mvua za kwanza zimkute huku. Alikuwa amebakiza miadi moja hospitalini, lakini hakuona sababu ya kwenda kuwasumbua madaktari kwa jicho ambalo tayari linaona. Mwenye lori mmoja aitwaye Hamadi alikuwa aondoke kwenda Kasaji Jumatano iliyofuata. Noëlla hakupenda, ila hakujua namna ya kumpinga baba yake. Akaanza kumnunulia sabuni na chumvi za kupeleka nyumbani.

Sasa Ruffin alikuwa na ugonjwa wake mmoja, nao ni biliadi. Alicheza kule Musonoi, kwa Mama Sikudhani, mjane wa mfanyabiashara aliyetoka Kasongo. Mama huyo alikuwa na meza moja ya biliadi chini ya mabati mbele ya nyumba yake, na hakuuza pombe. Aliuza chai ya tangawizi na sambusa. Ni kwa ajili ya chai hiyo Noëlla hakumzuia mumewe kwenda. Shida ya Ruffin ilikuwa fimbo. Pale palikuwa na fimbo tatu tu, zimechakazwa na mikono ya watu, na mwenye kufika mwisho alicheza na ile mbaya kuliko zote. Mwaka uliotangulia alinunua yake mwenyewe sokoni, kwa haraka, bila kuikagua, na haikupita wiki kabla ya wenzake kumwonyesha kwamba imepinda kama upinde. Noëlla aliigeuza kuwa mti wa kuinulia kamba ya nguo. Kila mgeni aliyepita uani aliuliza fimbo ile nzuri inafanya nini pale, na kila mara ilibidi Ruffin aeleze.

Safari hii alikuwa amepata nyingine. Kijana mmoja, Hénock, aliyechimba madini Musonoi miaka minne, alikuwa anarudi kwao Sandoa kuoa na kulima. Alikuwa na fimbo ya vipande viwili inayounganishwa katikati kwa skurubu, na sehemu yake ya kushikia ilikuwa ya mbao nyekundu iliyong'aa. Alitaka kubadilishana na bafle ya Ruffin, ile spika kubwa ya kuchaji yenye taa za rangi. "Ku Sandoa hakuna meza ya biliadi," alisema. "Nitachapia nayo mbuzi?" Noëlla aliposikia kwamba bafle itatoka nyumbani kwake, alisema biashara hiyo ina baraka zake zote.

Wakapatana kukutana Jumamosi saa nne asubuhi. Ruffin alikuwa anafunga bafle juu ya tangi la pikipiki wakati mkewe alipotoka jikoni na kumwambia aende na baba. Alisema baba amekaa mwezi mzima anatazama ukuta, Jumatano anaondoka, na akifika Kasaji watamuuliza Kolwezi ikoje naye atakosa la kusema. Ruffin akanong'ona kwamba hawezi kumpeleka baba mkwe kwenye biliadi. Noëlla akajibu, bila kunong'ona, kwamba kama ni mahali pa aibu basi yeye mwenyewe asingekuwa anaenda huko kila Jumamosi.

Wakaenda. Stanislas alikaa nyuma ameshika chuma cha kiti, mbali na kiuno cha mkwe wake, na kwenye kila shimo alirushwa juu. Walipita kando ya machimbo, pale ardhi ilipokatwa ngazi kwa ngazi kama imeliwa na kitu chenye subira. Ruffin alitaka kumwonyesha, kisha akakumbuka kwamba huko nyuma upepo unavuma na mzee hatamsikia, akaacha.

Mama Sikudhani alimpokea Stanislas kwa heshima, akampangusia kiti kwa ncha ya kitenge, akamletea chai. Hénock alikuwa amekwisha kuunganisha fimbo na kuilaza mezani. Palikuwa na utulivu. Wachezaji wengi hufika baada ya saa sita.

Ruffin aliikagua kama mtu aliyewahi kuumwa. Kwanza alibonyeza kwa kidole gumba ile ngozi ndogo ya kwenye ncha, akaona ni ngumu kiasi kinachofaa. Akapitisha kiganja kutoka ncha mpaka mwisho kutafuta ufa. Kisha akaiviringisha juu ya kitambaa cha kijani, akainama mpaka kidevu kikagusa ukingo wa meza, akatazama mwanga uliopita chini ya fimbo. Fimbo iliyonyooka huviringika kimya, na mwanga huo haubadiliki. Iliyopinda hujisema yenyewe, kwa sababu ncha yake hupanda na kushuka. Hii ilipanda kidogo, mara moja tu, ikatulia.

Hénock alisema ni kiraka cha kitambaa. Kweli palikuwa na kiraka hapo. Wakahamia upande wa pili. Huko ncha haikupanda, lakini fimbo iliondoka yenyewe ikateremka mpaka kona, maana meza ya Mama Sikudhani ilikuwa imeinama tangu mvua zilipolegeza udongo chini ya mguu wake mmoja. Ruffin akafungua skurubu, akaviringisha vipande kimoja kimoja. Vyote viwili vilikwenda vizuri. Akaviunganisha tena, na sasa hakujua amwamini nani, fimbo au meza.

Ndipo Stanislas alipoweka kikombe chini.

"Mukwe," alisema, "mi naweza kuangalia?"

Ruffin alishtuka. Katika wiki tano mzee hakuwahi kumwomba kitu. Akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili.

Stanislas alieleza kwa kifupi, akimwelekea zaidi Mama Sikudhani kuliko mkwe wake, kwamba kwa miaka thelathini na moja alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu wa kutengeneza njia ya reli, upande wa Kasaji. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi, shavu juu ya chuma, jicho moja limefumbwa, na kutazama reli inavyokwenda mbele. Kule mbele watu wake walisimama na mitarimbo. Akiinua mkono wa kulia, walisukuma kulia; akiukunja ngumi, waliacha. Reli iliyosogea upana wa kidole, macho ya mtu aliyesimama hayaioni. Ya mtu aliyelala huiona.

Akaweka mwisho wa fimbo chini ya jicho lake la kulia, lile jipya, akaielekeza ncha kwenye mwanga wa barabarani. Alitazama kwa muda mrefu. Hénock alikuwa ametabasamu, maana alijua mali yake.

"Imepinda," alisema Stanislas. "Hapa mbele ya kati. Inafanya kinundu juu."

Tabasamu la Hénock likapotea. Aliomba aonyeshwe. Mama Sikudhani, ambaye tangu aolewe ameona fimbo nyingi zikipita mezani pale, aliichukua, akaitazama kwa mbali na kwa karibu, akasema kwa upole kwamba yeye hakioni kinundu, labda ni macho yake. Kisha Ruffin akaishika. Alifumba jicho moja, akaielekeza barabarani kama alivyofanya mzee. Fimbo ilikwenda mbele yake kama uzi uliovutwa na watu wawili. Hakuona kupinda kokote. Ilikuwa ndiyo fimbo nzuri kuliko zote alizowahi kushika, na alikuwa ameiwaza miezi miwili, hata akiwa na abiria mgongoni.

Alimtazama baba wa mkewe, aliyekuwa amesimama wima na mikono nyuma, kapita mbele ya reli yake. Akamrudishia Hénock fimbo.

"Batata bamesema," alisema, akimtaja baba kwa wingi wa heshima. "Tuiache."

Hénock hakukasirika kwa sauti. Alisema tu kwamba hajawahi kumwuzia mtu kitu chenye kasoro, wala jiwe la madini lililochanganywa na mchanga, na kwamba wanaomjua Musonoi wanajua. Alianza kufungua skurubu. Alionekana kama mtu aliyetukanwa siku ya kuaga.

Stanislas aliona hayo. Baadaye alimweleza binti yake kwamba uso wa kijana yule ndio uliomgusa. Katika miaka yote ya reli alikuwa ametoa hukumu nyingi kwa jicho moja, watu wakasukuma chuma juani kwa neno lake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama hivyo. Akamwomba Hénock aunganishe fimbo tena, aitazame mara ya mwisho.

Safari hii aliifanyia kitu ambacho reli haifanyiwi. Aliizungusha. Aliisokota polepole kati ya vidole, robo mzunguko, huku jicho limekazwa. Fimbo iliyopinda ukiizungusha, kinundu huzunguka nayo. Kilichokuwa juu huenda pembeni, kisha chini. Kinundu hiki hakikuzunguka. Aliigeuza juu chini, na bado kilikuwa juu. Akahamisha macho kutoka kati ya fimbo kwenda kwenye ncha, na kinundu kikahama kikamfuata kwenye ncha. Akaishusha fimbo, akatazama nguzo ya mabati. Nayo ilikuwa na kinundu. Akatazama ukingo wa meza. Kisha akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaiangalia fimbo kwa lile la kushoto, la zamani, ambalo nalo lilianza kuwa na ukungu wake, na katika ukungu huo fimbo ilikuwa imenyooka.

Alikaa kitini taratibu.

"Fimbo haina na kosa," alimwambia Ruffin. "Kosa iko mu jicho yangu."

Ruffin alichuchumaa mbele yake. Bila kufikiri alimtazama machoni, kwanza moja, kisha la pili. Akamuuliza tangu lini.

 Stanislas aliitazama chai yake. Halafu akasema ni kama siku kumi, labda kumi na mbili. Mlango wa chumba ulianza kuvimba katikati. Mistari ya Biblia ilianza kupanda na kushuka. Uso wa mjukuu wake, Jémima, ulikuwa na shavu moja lililovutwa. Alifikiri ni uchovu wa jicho jipya, litazoea. Siku nyingine alijiambia kwamba milango ya nyumba ile ndiyo imejengwa vibaya.

"Na hukusema," alisema Ruffin.

"Umenibeba mwezi muzima, mukwe. Kila siku hospitali, kila siku dawa. Nilisema nirudie kwangu kabla ya kukuchokesha."

 Ruffin alisimama, akamwambia mzee apande pikipiki. Hospitali hufunga saa sita Jumamosi na ilikuwa imekaribia saa tano. Hénock ndiye aliyeifungua bafle kwenye tangi ili mzee apate nafasi ya kukaa vizuri, na Mama Sikudhani alisema ataiweka ndani. Hakuna aliyeulizia biashara. Ruffin alikuwa hajafika barabara kubwa alipohisi mikono miwili ikimshika kiunoni, kwa nguvu, kama mtu aliyekubali kwamba anaweza kuanguka.

Daktari Laurentine, yule aliyemtoa mzee bandeji, alikuwa anakunja koti lake walipomkuta. Alipomwona Ruffin anahema na mzee ametulia, alidhani mgonjwa ni Ruffin. Alimkalisha Stanislas, akampa karatasi iliyochorwa miraba midogo na kumwuliza mistari ikoje. Stanislas alimwonyesha kwa kidole mahali mistari ilipovimba. Daktari akamwuliza ni nani aliyemsaidia kulitambua hilo, kwa sababu wagonjwa wengi huja wakisema tu kwamba jicho ni bovu. Stanislas akaeleza habari ya fimbo. Daktari hakuelewa mara ya kwanza, akamwomba aeleze tena kwa kutumia kalamu yake, na Stanislas akaizungusha ile kalamu mbele ya jicho, robo kwa robo. Daktari alikaa akaitazama mpaka mwisho, ingawa muda wake wa kazi ulikuwa unakwisha.

Alimweka kwenye mashine yake, akamtia mwanga, akachungulia sana. Halafu akawaeleza wote wawili kwamba nyuma ya jicho kuna uvimbe mdogo. Huwapata baadhi ya watu wiki chache baada ya upasuaji, hata ule uliofanywa vizuri. Si kosa la mgonjwa. Kwa wengi hupungua kwa dawa ya matone, asubuhi, mchana na jioni, lakini huchukua wiki nyingi, na ukiachwa hivihivi unaweza kuharibu jicho kabisa. Alisema Kasaji isubiri.

Noëlla alipopata habari alikasirika kwanza. Alimwuliza baba yake kama alitaka kwenda kupofukia kijijini ili watu waseme binti yake alimtupa. Stanislas aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Kisha Noëlla akaingia jikoni, na sauti ya sufuria ilikuwa kubwa kwa muda, halafu haikusikika tena. Ruffin alimfuata akamkuta anafuta uso kwa kitenge. Alimwambia dawa ipo na daktari hakuwa na wasiwasi. Noëlla akasema anajua, anacholilia ni zile siku kumi na mbili alizokuwa anamwekea baba chakula naye anamwona uso umepinda na hasemi.

Jumapili baada ya misa Hénock alikuja kwa miguu kutoka Musonoi, mfuko wa fimbo begani. Alikuwa amekwisha kuchukua bafle kwa Mama Sikudhani, kwa hiyo alisema fimbo ni ya Ruffin na hakutaka kuondoka kabla ya kuikabidhi. Alisalimia mzee, akauliza habari ya jicho. Stanislas alimwomba msamaha kwa neno alilolisema juu ya mali yake. Hénock aliona aibu, akasema kwamba kwao Sandoa kuna shangazi ambaye matundu ya sindano yalimhama hivyohivyo akitia uzi na hakuna aliyejua ni nini. Sasa atakwenda kumzungushia kijiti. Alikunywa maji, akaaga. Kesho yake alikuwa njiani.

Shida mpya ilikuwa matone. Siku za kazi Noëlla aliondoka kwenda kuuza sokoni kabla ya jua kupanda, na mchana hakuweza kuacha meza yake ya mboga. Stanislas alijaribu kujitilia mwenyewe, akalowesha nyusi na shavu, dawa ikapotea. Ikawa hakuna mwingine ila Ruffin.

Asubuhi ya kwanza walisimama wanatazamana barazani kama watu wawili waliogongana kwenye mlango mwembamba. Ruffin alimwambia, "Tata, mutanisamehe." Mzee akalala kwenye mkeka, mikono juu ya kifua. Ruffin alipiga magoti, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ngozi ilikuwa laini kuliko alivyodhani. Hakuwahi kumgusa baba mkwe wake usoni, wala hakuwahi kumfikiria kama mtu mwenye uso unaoguswa. Tone la kwanza likaingia sikioni. Stanislas, amelala vilevile, akasema kwamba sikio lake halijambo. Ruffin alicheka kabla hajajizuia. Mzee naye akatikisika kifua.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yao. Mchana Ruffin aliacha wateja njia panda akarudi nyumbani dakika kumi. Wenzake walimtania kwamba amekuwa muuguzi, akawajibu kwamba ndiyo. Baada ya matone ya asubuhi mzee alingoja kidogo, kisha aliomba fimbo. Karatasi ya miraba aliyopewa na daktari aliitumia pia, lakini aliiamini kidogo. Alisema karatasi hukunjika. Alikaa mlangoni, akaielekeza fimbo kwenye ukuta wa jirani, akaizungusha, na kumpa Ruffin taarifa kwa vidole. Wiki ya kwanza kinundu kilikuwa kimo cha kucha. Wiki ya pili kilikuwa vilevile, na siku hiyo walikunywa chai bila kusema mengi. Wiki ya tatu mzee alionyesha unene wa kitambaa.

Na kwa kuwa fimbo ilikuwa mkononi na asubuhi ilikuwa ndefu, maneno yakaja. Stanislas alimsimulia jinsi reli inavyolia jua likipanda, na jinsi mama yake Noëlla alivyokuwa anamletea chakula kwenye kilomita ambazo hakuna mtu mwingine angetembea. Ruffin alimsimulia jambo ambalo hata mkewe hakulijua vizuri, kwamba baba yake mwenyewe alikwenda Angola kutafuta maisha Ruffin akiwa na miaka sita na hakurudi. Mzee hakumpa pole. Alimwuliza jina la baba yule, akalitamka mara mbili, kama mtu anayeliandika kwenye daftari la kazi.

Jumamosi walirudi Musonoi pamoja. Stanislas hakucheza, alisema mgongo wake umekwisha kuinama vya kutosha. Lakini neno lilikuwa limeenea, na wachezaji walimletea fimbo zao azitazame. Alizitazama kwa macho mawili sasa, moja baada ya jingine, akazizungusha, na kabla ya kusema lolote aliwaomba wao wenyewe watazame na waseme wanaona nini. Mguu wa meza, alimwamuru Ruffin auinue kwa jiwe bapa, yeye amelala kifudifudi kwenye sakafu ya Mama Sikudhani na mkono hewani, kulia, kulia, ngumi. Mama Sikudhani aliweka glasi ya maji katikati ya meza, na maji yakalala sawasawa.

Wiki ya saba Daktari Laurentine alimtia tena kwenye mashine, akasema uvimbe umekauka. Stanislas alimwambia kwamba yeye aliliona hilo tangu Jumanne.

Hamadi alipakia lori lake mwishoni mwa mwezi wa kumi, mawingu yakiwa tayari yamejikusanya upande wa magharibi. Noëlla alimfungia baba yake sabuni, chumvi, kitambaa cha dada yake na chupa mbili za matone za akiba. Jémima alibebwa aagane na babu, akamshika pua. Ruffin alipandisha mizigo, akamtafutia mzee mahali pazuri mbele, kando ya dereva, kisha akasimama chini, hajui aweke wapi mikono. Stanislas alimwambia kupitia dirishani kwamba lile jicho la kushoto nalo linaelekea kuziba, kwa hiyo mwakani atarudi, na safari hiyo hatafikia kwa Noëlla.

Ruffin alimwuliza, kwa wasiwasi wa kweli, atafikia kwa nani.

"Kwako," alisema mzee.

Lori likaondoka. Ruffin alilifuata kwa pikipiki mpaka kizuizi cha mwisho cha barabara, akasimama pale vumbi lilipomfunika, kisha akarudi kazini.

Siku ya tatu jioni simu ya Noëlla iliita. Stanislas alikuwa amefika Kasaji salama. Barabara ilikuwa mbaya, lori lilikwama mara mbili, mihogo ilikuwa imestawi. Noëlla aliuliza maswali yake yote. Alipotaka kukata, baba yake alimwambia asubiri, amwite Ruffin. Ruffin aliichukua simu akatoka nayo barazani. Noëlla alimsikia akisema ndiyo, Tata, na hapana, Tata, kisha akamsikia akicheka, kisha anaeleza jambo fulani kuhusu tairi la nyuma. Aliendelea kupika. Bukari ilipoiva alichungulia nje, na Ruffin alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzee, miguu imenyooshwa, bado anaongea.